Kahawa ya wenzo: tazama kinu kabla ya mashine

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho wengi wetu hatujakiona kwa macho, lakini ambacho kimeanza kuingia majumbani, nacho kikiingia huingia kwa gharama. Ni mashine ya kahawa ya wenzo, ile inayokamua kahawa nzito ya Kiitaliano iitwayo espreso kwa nguvu ya mkono wa mtu. Sikulichagua jambo hili kwa kupenda anasa. Nimelichagua kwa sababu liliwahi kuleta kimya cha miezi miwili katika nyumba ya dada yangu. Na kimya cha namna hiyo, kama ajuavyo kila aliyeoa au kuolewa, ni kibaya kuliko ugomvi.

Dada yangu anaishi Masumbwe, kwenye barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kuelekea Ushirombo hadi mpaka wa Rusumo. Zamani mji huo ulihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 umo katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita. Malori yaendayo Rwanda hupita hapo usiku na mchana, na machimbo ya dhahabu hayako mbali. Dada huuza chai na maandazi asubuhi kando ya barabara. Mumewe, yaani shemeji yangu, ni fundi wa makarasha, yale mapipa ya chuma yanayosaga mwamba wa dhahabu.

Shemeji alinunua mashine ya wenzo kwa mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akifunga virago kurejea kwao. Fedha alizolipa zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya bati za chumba cha watoto. Mkewe hakuambiwa mpaka mashine ilipokuwa imekwisha kukaa juu ya meza.

Siku nilipowatembelea, nilipokewa kwa furaha. "Karibu, shemeji, leo utakunywa kahawa ya Ulaya," akaniambia. Akatwanga kahawa kinuni, akaijaza katika kichujio, akamimina maji ya moto, akashusha wenzo. Kabla sijahesabu hadi sita, kikombe kilikuwa kimejaa maji ya rangi ya kutu, machachu, yasiyo na uzito wowote. Shemeji alinieleza kwamba alikwisha kubadili mpira wa pistoni mara mbili, akidhani unavuja. Dada hakusema neno. Aliendelea kuchambua mchele.

Tuiache nyumba hiyo kwa muda, ndugu msomaji, tukitazame chombo chenyewe.

Kahawa yetu ya kijiweni, ile ya kwenye mdila, hupatikana kwa kuchemsha unga pamoja na maji na kuuacha utulie chini. Espreso ni kitu kingine. Hapo maji ya moto hulazimishwa kupita katika unga mlaini ulioshindiliwa, kwa muda mfupi na kwa shinikizo kubwa. Shinikizo hilo ni karibu mara tisa ya lile la hewa inayotuzunguka, yaani halipishani sana na la gurudumu la lori la mizigo. Mashine za mwanzo za Italia, kama ile ambayo Luigi Bezzera wa Milan aliipatia hataza mwaka 1901, zilitegemea mvuke, na mvuke haukuweza kufikia nguvu hiyo. Achille Gaggia, naye wa Milan, alipata hataza yake mwaka 1938, na baada ya Vita Kuu ya Pili akaleta mashine yenye wenzo na pistoni. Ndipo kahawa ilipoanza kutoka na povu zito la rangi ya hudhurungi, ambalo hata leo ndilo alama ya espreso. Mwaka 1961 kampuni ya La Pavoni ilitoa mashine ndogo ya wenzo kwa matumizi ya nyumbani, iitwayo Europiccola, na aina hiyo bado inatengenezwa.

Anayetaka kununua leo atakutana na aina tatu. Ya kwanza ina chungu chake cha kuchemshia maji kwa umeme, na mtu husukuma pistoni kwa nguvu za mkono wake mwenyewe. Ya pili ina springi: mkono hushusha wenzo na kuikaza springi, kisha springi hiyo ndiyo inayosukuma maji inapojinyoosha. Ya tatu haina waya wowote. Unachemsha maji kwenye birika, kwa gesi au kwa mkaa, unayamimina katika silinda, na unabana kwa mkono mmoja au miwili. Miongoni mwa hizo za tatu zimo zile ziitwazo Flair, ROK na Cafelat Robot.

Kwa nyumba za wafanyakazi wa miji yetu, ambako umeme huweza kukatika wakati wowote, nashauri aina hiyo ya tatu. Haina chungu cha kuota ukoko mweupe kwa sababu ya maji ya kisima, wala haina nyaya za kuungua. Sehemu inayochakaa ni mpira wa pistoni, ambao hauna budi kuagizwa pamoja na mashine, walau miwili ya akiba. Ukinunua iliyokwisha kutumika, mwambie muuzaji aitumie mbele yako kwa maji ya moto. Maji yakipanda juu ya pistoni, mpira umekufa. Mguu wake ukiyumba unapobana, iache. Zile za bei nafuu kabisa huuzwa ng'ambo kwa kiasi cha dola mia moja za Marekani na zaidi, kabla ya usafiri na ushuru. Zile zenye chungu cha umeme hupita hapo mara kadhaa.

Ikiwa hesabu hiyo inakutisha, usione haya. Liko birika la Kiitaliano la sehemu mbili, lililotolewa na Alfonso Bialetti mwaka 1933, ambalo hukaa juu ya jiko lolote na kupandisha kahawa kwa nguvu ya mvuke. Hilo halitoi espreso kamili, lakini hutoa kahawa nzito na nzuri kwa sehemu ndogo ya gharama. Nyumba nyingi zingetosheka nalo.

Sasa turudi Masumbwe. Shemeji alipomaliza kulaumu mpira, dada aliweka ungo chini, akazungumza kwa mara ya kwanza mchana ule. "Baba watoto," akasema, "mwamba wa watu unausaga mpaka uwe vumbi, kwa kuwa wajua usiposagika hautoi dhahabu. Hii kahawa yako unaitwanga nusu vumbi nusu kokoto, halafu unailaumu mashine."

Shemeji alinyamaza. Fundi wa karasha alikuwa ameambiwa jambo la kazi yake mwenyewe. Akachota unga ule, akautandaza kwenye kiganja, akautazama. Kweli, ulikuwa na vumbi, ulikuwa na chenga. Maji hayana subira: yakikuta njia kati ya chenga, hupita hapo hapo na kuliacha vumbi bila kuligusa. Hakuna mkono wenye nguvu, wala mpira mpya, utakaoliponya kosa hilo.

Hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka ulishike, ndugu msomaji. Mashine ya wenzo haitengenezi kahawa. Inakamua tu kile ulichokiandaa. Kwa hiyo anayetaka kuianza safari hii aanze na kinu, si na wenzo. Kinu hicho ni kile cha mkono chenye meno mawili ya chuma yanayosagana, chenye kirekebishi cha kusogeza meno karibu au mbali. Kile chenye visu vinavyozunguka hakifai, maana hukatakata badala ya kusaga, na huleta chenga zile zile. Kinu na mchi ni rafiki wa mdila, si wa wenzo. Unga unaotakiwa uwe mlaini kuliko chumvi ya mezani, lakini usifikie ulaini wa unga wa ngano.

Baada ya kinu ni buni. Katika hili tuna bahati ambayo Waitaliano hawana, maana kwao kahawa huja kwa meli. Kutoka Masumbwe barabara hupita Ushirombo na Biharamulo hadi Muleba na Bukoba, katika nchi ya robusta. Na arabika hulimwa Kilimanjaro, Mbeya, Mbinga na kwingineko. Usiidharau robusta. Watengenezaji wengi wa Italia huichanganya katika espreso yao kwa sababu inatoa povu jingi na ladha nzito. Nunua iliyokaangwa, ikiwa punje nzima na si unga, kwa kiasi cha kutosha wiki mbili au tatu. Iliyokaangwa jana iache itulie karibu wiki moja, kwa kuwa bado inatoa hewa. Iliyokaa miezi ndani ya kopo lililo wazi haina kitu tena.

Matumizi yenyewe si magumu. Kwanza, mimina maji ya moto ndani ya silinda na kichujio, uyamwage, ili chuma baridi kisiibe joto. Pili, pima gramu 15 hivi za kahawa, karibu vijiko vitatu vya chakula, usage wakati huo huo, ujaze, usawazishe na kushindilia bila kuinamisha upande. Tatu, mimina maji yaliyotoka kuchemka. Vitabu vya Ulaya hukwambia usubiri yapoe kidogo, lakini eneo la Masumbwe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, si 100. Wakazi wa Dar es Salaam ndio wanaopaswa kusubiri kidogo.

Nne, bana polepole mpaka matone ya kwanza yatokee, pumzika kwa sekunde tano au sita ili unga ulowe wote, kisha ongeza nguvu sawasawa. Kahawa itoke nyembamba kama mkia wa panya, ijaze gramu 30 hivi katika sekunde 25 hadi 30. Ikitoka kwa kasi na kuwa chachu, saga laini zaidi. Ikigoma kutoka, au ikitoka kwa matone na kuwa chungu kama mwarobaini, saga kwa unene kidogo. Badili jambo moja kwa siku moja. Anayebadili matatu pamoja hatajua lipi lililomponya. Ukimaliza, osha kichujio papo hapo na kufuta mpira, maana mafuta ya kahawa huoza na kuharibu kikombe cha kesho.

Niseme pia juu ya usalama, kwa sababu nyumba ina watoto. Wenzo wa springi ukiponyoka mkononi huruka juu kwa nguvu na unaweza kuvunja taya. Kichujio kisifunguliwe kamwe wakati bado kuna shinikizo ndani. Mashine isiwekwe ukingoni mwa meza. Na mama mjamzito ajihesabu: Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaopata zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku kupunguza kiasi hicho, nayo robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

Shemeji alipata kinu cha meno kutoka Mwanza, kwa kulipa kidogo kidogo. Safari hii mkewe aliambiwa mapema, na ndiye aliyeshika daftari la malipo. Nilipopita tena, nilipewa kikombe kidogo chenye povu zito, na nilikunywa polepole kama mtu asiyetaka kiishe. Shemeji aliniuliza mara tatu kama ni nzuri.

Lakini hesabu ya nyumba ile haijafungwa. Chumba cha watoto bado kimeezekwa turubai upande mmoja. Juu ya kabati dada ameweka mkebe wa maziwa uliotobolewa kifuniko, na kila mara mumewe anapokamua kikombe chake cha asubuhi hutia humo shilingi 500, kama ambavyo angelipa hotelini. Mgeni hasamehewi, nami nililipa. Dada alinionyesha daftari: zilikuwa zimepatikana bati tatu, na zilikuwa zikihitajika kumi na moja.

"Mashine si mbaya, mdogo wangu," akaniambia tulipokuwa tukiagana barabarani, lori likipita na vumbi lake. "Ubaya ni kwamba ilitangulia mashine, yakafuata mazungumzo."

Ndugu msomaji, ukipata hamu ya wenzo, kaeni kwanza watu wawili mezani mkiwa na daftari na kalamu. Andikeni buni, andikeni kinu, na mwisho andikeni mashine. Mkiona imebaki nafasi kwenye karatasi, inunueni. Msipoiona, mdila upo, na kahawa yake haijapata kumwaibisha mgeni yeyote.