Diski za bei rahisi na sauti zinazopotea shuleni

Jumanne ni siku ya soko mjini Loitokitok. Wachuuzi huwasili alfajiri kutoka Kimana, Rombo na hata ng'ambo ya mpaka, Tarakea, na ifikapo saa nne vichochoro vyote huwa vimejaa nyanya, vitunguu, mitumba na mbuzi. Miongoni mwa vibanda vya simu na redio, msomaji akichungulia vyema, ataona mnara wa diski tupu, hamsini kwa pamoja, zimepachikwa kwenye kijiti cha plastiki, hazina jalada wala jina. Muuzaji atamwambia kwamba ni za bei rahisi na kwamba diski zote ni sawa. La kwanza ni kweli. La pili ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mwaka jana tulialikwa katika shule moja ya upili iliyo kwenye miteremko ya mlima, ambayo jina lake tutalihifadhi. Mwalimu wa Kiswahili alitufungulia kabati akatoa katoni iliyojaa diski. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2006, wanafunzi wake walikuwa wakienda likizo na kazi ya fasihi simulizi: kila mmoja amtafute mzee wa kwao, amsikilize, na amrekodi akisimulia hadithi, akitega vitendawili au akiimba. Shule iliazima kamera, na diski zilinunuliwa sokoni kwa dazeni. Kila moja iliandikwa kwa kalamu jina la mzee, kijiji na tarehe.

Ile ya kwanza ilipotiwa ndani ya deki ya ukumbini, maandishi kwenye kioo yalitangaza kwamba hamna diski. Diski imo ndani, twaisikia ikizunguka! Ya pili ilicheza dakika nne, kisha picha ikapasuka vipande vipande na sauti ya bibi mmoja ikakwama katikati ya neno. Bibi huyo, tulielezwa, alikwisha kufariki. Mjukuu aliyemrekodi sasa ni mwalimu kwingineko, naye hana nakala nyingine. Kufikia magharibi, zaidi ya nusu ya katoni ilikuwa bubu.

Mwalimu alikuwa tayari kuitupia lawama yote bei rahisi. Sisi pia tulikuwa karibu kukubaliana naye. Lakini tulipozitia diski hizo katika tarakilishi moja moja, ilidhihirika kwamba zilikuwa zikiugua maradhi mbalimbali, na si yote yaliyotokana na ubovu wa diski.

Baadhi zilikuwa nzima kabisa, ila hazikuwa zimefungwa. Diski ya kurekodiwa, baada ya kuandikwa, huhitaji kukamilishwa kwa amri maalumu ili mashine nyingine iweze kuisoma. Asiyejua hatua hiyo huitoa mapema, ikacheza kwenye mashine iliyoiandika tu. Nyingine zilikuwa CD zenye faili za MP3, ambazo zaweza kubeba zaidi ya saa kumi za sauti ilhali CD ya muziki ya kawaida hubeba dakika 80. Kicheza-CD cha zamani hakizielewi faili hizo hata kidogo. Nyingine tena zilikuwa DVD+R. Hapa kuna kisa ambacho wanunuzi wengi hawajawahi kuelezwa. DVD-R ilitolewa na Pioneer mwaka 1997, na baadaye kundi jingine la makampuni, yakiwamo Philips na Sony, likaleta DVD+R kwa sababu zake za kibiashara. Kwa macho zinafanana. Tofauti ni kistari na alama ya kujumlisha, lakini deki nyingi za miaka ile zilipokea moja na kuikataa nyenzake. Kadhalika CD-RW, ile inayofutwa na kuandikwa upya, hurudisha takriban robo tu ya mwanga inaoangaziwa, na mashine kongwe hudhani hapana kitu.

Hizo zote tuliziokoa. Zilizobaki ndizo zilizostahili lawama ya mwalimu.

Yafaa ieleweke kwamba diski inayotoka kiwandani ikiwa na muziki hupigwa chapa: vishimo vidogo mno hugandamizwa kwenye plastiki, na juu yake hutandazwa utando wa madini, aghalabu alumini. Vishimo hivyo havipauki kwa jua. Diski tupu haina vishimo. Ina utando wa rangi, na leza ya tarakilishi huichoma rangi hiyo vidoadoa vinavyoiga vishimo. Vijana wasemapo "kuchoma CD" husema kweli kuliko wanavyodhani. Deki, kwa upande wake, hupima tu mwanga unaorudi. Rangi ikiwa hafifu au imepakwa visivyo, tofauti baina ya penye doa na pasipo doa hupungua, nayo deki hushindwa kubainisha. Mashine mpya huweza kuvumilia. Mashine kuukuu, ambayo leza yake imechoka na lenzi yake imeingia vumbi, haivumilii. Ndiyo sababu diski ileile hucheza nyumbani kwa mwalimu na kugoma shuleni. Nasi tunaoishi jirani na Amboseli, mahali ambapo jina lake lenyewe kwa Kimaasai lahusu vumbi la chumvi, hatuhitaji kufundishwa vumbi ni nini.

Isitoshe, kwenye CD utando huo umekaa upande wa juu, ule wa kuandikia, na umefunikwa kwa vanishi nyembamba tu. Anayeandika jina la mzee kwa kalamu ya ncha kali huikwaruza sauti ya mzee huyo. Diski zile nyingi zilikuwa zimeandikwa hivyo, kwa hati nzuri ajabu.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya diski, hata hivyo, kibaya hujitembeza kikiwa kimevaa kanzu ya chema. Jina lililochapishwa juu si lazima liwe la aliyetengeneza. Makampuni mengi yalinunua diski kwa kiwanda hiki leo na kile kesho, na jina likabaki lilelile. Kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani, iliyobuni CD ya kurekodiwa mwaka 1988 na ambayo diski zake zilisifika kwa ubora, ilitangaza mwaka 2015 kwamba inaacha kabisa kuzitengeneza. Kwa hivyo mnunuzi wa leo hawezi kutegemea sifa za jana.

Twasikia mabohari na wahasibu wa shule wakijitetea kwamba sheria huwafunga mikono: lazima wachukue bei ya chini. Utetezi huu ni nusu ya ukweli. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 haisemi shule inunue kilicho rahisi kupita vyote. Yasema ichukue bei ya chini miongoni mwa bidhaa zinazotimiza masharti yaliyotajwa katika ombi la bei. Ombi likiandikwa "diski tupu, 100" na basi, shule imejitia kitanzi yenyewe. Lakini likieleza ni CD-R au DVD-R, likitaja deki itakayozicheza, na likidai sampuli zijaribiwe kabla ya malipo, muuzaji hana pa kujificha. Kazi ya kuyaandika masharti hayo si ya bohari peke yake. Ni ya mwalimu atakayezitumia diski hizo, na twajua walimu wengi hawajawahi kuulizwa.

Jaribio lenyewe si la kitaalamu. Shule inunue diski mbili au tatu, izirekodi hadi zijae, kwa kasi ya wastani, izifunge, kisha izicheze mwanzo hadi mwisho katika deki ya shule, si katika tarakilishi iliyoziandika. Mwisho usirukwe: diski huandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ni huko ukingoni ambako utando mbovu hushindwa kwanza. Mwanafunzi aweza kuifanya kazi hii mchana mmoja, na huenda akaifurahia.

Hatusemi kwamba diski rahisi ni haramu. Kwaya ikitaka kugawa nyimbo zake kwa wazazi siku ya mkutano, na ichome katika zile za sokoni. Moja ikifa itachomwa nyingine. Igizo la kitabu teule, ambalo lipo kwingi, pia halina neno. Tatizo ni kutumia kipimo kilekile kwa jambo lisilorudiwa. Mwaka 2018 UNESCO iliziorodhesha sherehe tatu za Kimaasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, kuwa miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Sherehe hizi hufuata marika, wala hazirudiwi kila mwaka kama tamasha la muziki. Mwanafunzi aliyeirekodi Eunoto ya kaka yake kwenye diski ya bei ya peremende hatapata nafasi ya pili.

Na muda wenyewe umekwisha kubana. Tarakilishi nyingi zinazouzwa sasa hazina mahali pa kutia diski. Deki zinaharibika na mafundi wake wanageukia simu. Diski ambayo rangi yake bado ni nzima itakuwa bubu vilevile siku itakapokosa mashine ya kuisoma, na hapo bei yake haitakuwa na maana yoyote, iwe iliyonunuliwa Loitokitok au Nairobi.

Kwa hiyo twamtaka kila mwalimu mkuu wa eneo hili aamuru kabati zifunguliwe muhula huu. Diski zitolewe, zipanguswe taratibu kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea ukingoni, na zinazosomeka zinakiliwe katika diski ngumu mbili, moja ibaki shuleni na nyingine ikae kwingine. Zinazogoma zijaribiwe katika mashine tatu au nne tofauti kabla ya kukatiwa tamaa, kwani yule bibi wa dakika nne, tulipomtia katika tarakilishi kongwe ya karani wa shule, alisimulia dakika kumi na moja. Tamati ya hadithi hatukuisikia. Mwalimu ameandika barua kwa mjukuu wake kumwuliza kama anaikumbuka.