Kanisa la Jirani Likifungwa, Tusiseme Halituhusu



Leo tunaweka pembeni hina na liwa, tumzungumze jirani. Wapo mabinti wetu wa visiwani wanaoolewa bara, wakafuata waume zao wafanyabiashara kwenye miji ya dhahabu kama Katoro, mkoani Geita. Ukifika mgeni, anayekupigia hodi mwanzo na kukuonesha soko lilipo huenda akawa mama wa Kikatoliki. Huyo ndiye jirani yako.

Mwezi wa Februari 2023, Kwaresima imeanza tu, mtu mmoja aliingia Kanisa Kuu la Jimbo Katoliki Geita akavunja na kuharibu vitu vyao vitakatifu. Askofu Flavian Kassala akasitisha ibada humo kwa takriban siku 20, hadi 18 Machi. Askofu hatumlaumu, kwani kwao kanisa lililonajisiwa hutakaswa kwanza ndipo ibada irudi. Tunachokipinga ni mkono uliosababisha milango ile ifungwe.

Mwaka 2020 tulilia kuiona Makka, mataf tupu kwa ajili ya korona. Tukiyajua machungu yale, vipi tuyafurahie kwa mwenzetu?

Wapo watakaosema, "Hilo ni kanisa, sisi linatuhusu nini?" Tunawaomba wafungue Surat al-Hajj, aya ya 40. Humo Mwenyezi Mungu anayataja mahekalu ya watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, kuwa Yeye huyalinda yasibomolewe kwa kuwakinga watu wao kwa wao. Na Sayyidna Umar alipoingia Baitul Maqdis, imepokewa kwamba alikataa kusali ndani ya kanisa, akichelea Waislamu wa baadaye wasije wakalichukua kwa hoja kuwa Umar alisali pale.

Sisi wa visiwani tuna sababu nyengine ya kutonyamaza. Tarehe 11 Februari 2013, huko Buseresere, jirani kabisa na Katoro, Mchungaji Mathayo Kachila aliuawa katika vurugu za mgogoro wa nani achinje nyama ya buchani. Siku sita baadaye, hapa kwetu Unguja, Padri Evaristus Mushi alipigwa risasi Mtoni, asubuhi ya Jumapili alipokwenda kuongoza misa. Ndani ya wiki moja msiba ukawa wa bara na visiwani. Nyama tunanunua sisi wanawake. Kama una shaka na bucha, nenda bucha unayoiamini, basi. Hilo si jambo la kumtoa mtu roho.

Bibi harusi wetu, ukifika Katoro mpe jirani yako salamu. Akipika chakula cha halali akakukaribisha, nenda. Akifiwa, nenda ukampe pole. Na kwenye kundi la simu, akitokea mtu kushangilia kanisa kuvunjwa au kufungwa, usisambaze, na wala usinyamaze. Mwambie kwa upole kwamba Uislamu haukutufundisha hivyo. Mlango wa ibada ukifungwa kwa vurugu leo kwake, kesho hatujui utakuwa wa nani.

Mwenyezi Mungu atujaalie ujirani mwema na azilinde nyumba zetu na zao. Amin.