Kuzaa Si Kazi

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Siku hizi wako wanaume waliokwisha kugundua kwamba hata kulea kunakwepeka, mradi mtu avuke mpaka. Katika miaka yangu ya ualimu niliwapokea akina mama wengi waliokuja kuomba muda wa kutafuta sare na madaftari. Nikiuliza baba wa mtoto yuko wapi, jibu ni moja: yuko ng'ambo. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, au Nairobi, au Kampala. Walilitamka neno hilo kama mtu atajaye marehemu. Nami nasema, mtu aliye hai hana haki ya kuhesabiwa marehemu ili apumzike na matunzo ya mwanawe.

Hapa nchini tumepiga hatua. Sheria ya zamani iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na kikomo hicho kilidumu hata shilingi 100 ilipokuwa haitoshi kununua mkate. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 iliifuta. Sasa mahakama hutazama kipato cha wazazi na gharama za maisha mahali mtoto anapokaa, na hali ikibadilika, amri hurekebishwa.

Lakini amri hiyo ikifika mpakani, hukwama. Mfumo tuliourithi ulitoka katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1920, ambayo mifano yake ilipandwa Tanganyika, Kenya na Uganda. Mama hupewa amri ya muda nyumbani. Nayo hupelekwa kwa njia ya serikali hadi mahakama ya huko aliko baba, ili asikilizwe na amri ithibitishwe. Sheria hiyo ya 1920 ikaongeza kwamba mahakama ya kwanza ikiibadili amri baadaye, badiliko hilo halina nguvu mpaka nalo lithibitishwe vivyo hivyo. Baba, kwa upande wake, aweza kuomba apunguziwe katika mahakama iliyo jirani naye. Yaani mama hurudia safari nzima kwa kila nyongeza, na baba huvuka barabara tu. Tena mfumo huo ulikuwa wa himaya ya Mwingereza. Msumbiji, jirani yetu wa karibu, ilikuwa ya Wareno, haikuwamo kabisa.

Watasema kila nchi ina enzi yake. Sawa. Hata majimbo ya Marekani yana sheria zake na mahakama zake, na kwa miaka mingi baba mmoja aliweza kuwa na amri tatu katika majimbo matatu, kila moja na kiasi chake. Mwaka 1994 Bunge lao likayataka majimbo yaheshimiane, na mwaka 1996 likayalazimisha yote kufuata utaratibu mmoja: amri inayotawala ni moja. Jimbo lililoitoa ndilo huirekebisha, maadamu mtoto au mmoja wa wazazi bado anakaa humo. Majimbo mengine hutekeleza. Enzi ya nani ilipotea?

Sisi tulianzisha Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2010, ili wafanyakazi na bidhaa vipite. Yule mfanyakazi anayepita ni baba wa mtu! Kama mshahara wake unavuka mpaka, deni la mtoto wake nalo livuke.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Jumuiya ikubali amri moja ya matunzo, itakayorekebishwa na mahakama ya mahali anapokaa mtoto, baba akiwa amepewa nafasi ya kusikilizwa, na ikirekebishwa itekelezwe kote bila kuanza upya. Na serikali yetu ifunge mkataba kama huo na Msumbiji. Wabunge wetu wa Ruvuma waulizwe jambo hili waziwazi wanapokuja kuomba kura, kwa sababu mtoto hawezi kusubiri: mwaka wa masomo ukipita, umepita.