Moto wa Kilolo na Sadaka ya Ngonjera



Kila kiangazi nyasi za Kilolo hukauka na upepo wa milimani hupata nguvu. Moto wa kuandalia shamba, au mwenge wa mrina asali usiozimwa vizuri, hutosha kuingia katika mashamba ya misindano na milingoti. Kwa familia nyingi za wilaya hii miti hiyo ndiyo akiba: ada ya shule, matibabu, bati za nyumba. Mti uliongojewa zaidi ya miaka 10 huteketea kwa alasiri moja, na mkulima mdogo kwa kawaida hana bima.

Tufanye nini ili jirani aliyeunguliwa ainuke tena? Nchini Australia, moto mkubwa ulipowaka mwaka 2019 na 2020, waandishi na wachoraji wa vitabu walipiga mnada kazi zao kupitia mtandao wa Twitter mwezi Januari 2020, na washindi wakapeleka fedha kwa vikosi vya zimamoto na kwa waathirika.

Mnada si jambo geni kwetu. Baada ya Misa tumezoea kuona kuku na maboga ya vipaji vikinadiwa nje ya kanisa. Kwa nini visiwepo pia vikapu vya milulu vilivyosukwa na akina mama wa WAWATA, michoro ya vijana wa VIWAWA, pamoja na kwaya na ngonjera? Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo aliyefariki mwaka 1969, ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa ngonjera, naye huyo huyo aliitungia Injili utenzi. Alitambua kwamba ushairi hufundisha umati.

Ngonjera ina jambo ambalo kuku wa mnada hana: watu wawili hujibizana mbele ya wote. Mmoja aweza kusema kwa niaba ya aliyepoteza shamba, mwingine kwa niaba ya aliyewasha moto. Hapo ndipo penye ugumu, kwa maana aliyewasha mara nyingi ni jirani yetu, na huenda tunaketi naye benchi moja. Tukichanga fedha huku tukikwepa ukweli huo, tutanunua miche itakayoungua tena. Lakini shairi lisimtaje mtu kwa jina, wala aliyeunguliwa asipandishwe jukwaani kuonyesha machozi yake ili watu watoe zaidi.

Mtume Paulo alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, aliagiza kila mmoja aweke akiba siku ya kwanza ya juma, mchango usingoje kufika kwake. Tena alituma ndugu waaminifu pamoja na fedha hizo, asije mtu akamlaumu. Hekima hizo mbili zatufaa. Miche hukaa kitaluni miezi kadhaa kabla ya mvua za masika ya Desemba. Basi mfuko wa jumuiya uwepo kabla ya moto, na vitalu viwe tayari. Kisha hesabu isomwe kanisani: kilichopatikana, aliyepewa, miche iliyopandwa, na njia za kukinga moto zilizolimwa.

Nyimbo zetu zitakuwa sadaka ya kweli pale mlima uliokuwa mweusi utakapoanza tena kuchipua, na sisi sote tukiulinda.