Pombe Inapolichoma Tumbo



Mara nyingi mwanamke huubeba mzigo huu peke yake. Mume anakunywa kila siku, alfajiri anatapika, chakula hakipiti. Mke anampikia uji mwepesi, anamnunulia dukani dawa ya vidonda vya tumbo, na majirani wakiuliza anasema ni malaria. Mwezi huu tunasema wazi: ulevi ni ugonjwa, una matibabu, na aibu isituzuie kwenda hospitali.

Pombe huchubua utando wa ndani wa tumbo. Ndipo huja kiungulia na kutapika. Huweza pia kuumiza kongosho, na hapo maumivu makali hukaa juu ya kitovu na kupenya hadi mgongoni. Miaka ikipita, ini huweza kujaa makovu. Damu ikikosa njia nzuri ndani ya ini, mishipa ya koo la chakula huvimba, na siku moja huweza kupasuka. Kwa hiyo mgonjwa akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, macho yakiwa ya manjano au tumbo likijaa maji, tusingoje kupambazuke. Apelekwe saa hiyo hiyo. Wala tusimpe aspirini au diklofenaki, kwani huongeza hatari ya kutokwa damu.

Wako wanaomfungia mume ndani ili aache mara moja. Tahadhari! Mwili uliozoea pombe nyingi, ukinyimwa ghafla, huanza kutetemeka na kutoka jasho baada ya saa chache. Degedege huweza kufuata katika siku 2 za kwanza, kisha kuweweseka na kuona visivyokuwapo. Wengine hufa. Aache, ndiyo, lakini chini ya uangalizi wa daktari, atakayempa dawa za kumtuliza na vitamini B1 ya kuukinga ubongo. Vilevile tusimtilie dawa kwa siri katika chai: disulfiramu ikikutana na pombe huweza kumwua.

Akikataa kwenda kwa ajili ya pombe, huenda akakubali kwa ajili ya tumbo. Tuuanzie mlango huo. Mbele ya daktari tuseme kweli: anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kama ni gongo, tuseme gongo. Daktari anataka kutibu, si kukamata. Tumbo likitulia, tusiishie hapo. Tuombe apelekwe kwa wataalamu wa afya ya akili, kama walioko Mirembe, Dodoma, au Mathari, Nairobi, maana kiu ya pombe hairudi nyuma kwa vidonge vya tumbo.

Na kama anayekunywa kwa kificho ni wewe mwenyewe, mama, maneno haya ni yako pia. Tuendelee kuomba, na tunapoomba tuwe tumekwisha kushika njia ya hospitali.