Mvua Ikizuia Kazi, Nani Alipe?



Kila msimu unapokaribia tunatangaziwa redioni kwamba mvua za Machi hadi Mei, au za Septemba hadi Desemba, zitakuwa za wastani, au zaidi, au pungufu. Tunashukuru. Mkulima wa Masaka anaihitaji habari hiyo ili ajue lini apande. Lakini kibarua wa Nakawa, anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kujenga, kupakua malori au kupanga bidhaa sokoni, hapangi maisha yake kwa miezi mitatu. Anapanga kwa siku moja, kwa kuwa analipwa kwa siku moja. Swali lake ni fupi: kesho itanyesha?

Swali hilo lina jibu, ingawa si la hakika kamili. Sisi tunakaa karibu na Ziwa Victoria. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Pepo huvuma kuelekea ziwani, hukutana huko na kupanda juu, na mawingu ya radi hujengeka kabla ya mapambazuko. Ndiyo maana dhoruba nyingi hutufikia asubuhi, wakati mtu yuko njiani au ndiyo kwanza ameshika koleo. Mawingu hayo huonekana kwa setilaiti. Onyo la saa chache tu laweza kumwokoa mvuvi wa Port Bell na mwashi aliye juu ya jukwaa.

Hadi mwaka 1977 kazi ya utabiri ilikuwa ya Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ikabaki na yake. Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na leo hutolewa pia utabiri wa kila siku. Hatuwalaumu wataalamu. Tunalaumu kwamba taarifa haivuki geti. Msimamizi huisoma mapema, akafunika saruji kwa turubai. Kibarua haambiwi neno. Mvua ikianza saa nne, anaambiwa arudi nyumbani, na siku yake haihesabiwi. Saruji imelindwa, mtu hakulindwa!

Wala si suala la ujira peke yake. Mwezi wa Juni 2011 radi iliua watoto 18 na mwalimu wao katika shule ya Runyanya, Kiryandongo. Novemba 2024 iliua watu 14 katika kambi ya wakimbizi ya Palabek. Tarehe 26 Machi 2025 mafuriko yaliua watu hapa hapa Kampala. Basi anayetuambia tubaki juu ya vyuma huku radi zinanguruma anatuambia nini?

Wapo watakaosema kwamba utabiri hukosea. Hunyesha Ntinda, Luzira kukabaki kukavu. Ni kweli. Lakini tajiri naye anajua hivyo, na bado hufunika saruji yake.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu, nayo yaingizwe katika mikataba yetu ya pamoja. Kwanza, utabiri wa siku uandikwe ubaoni getini kila asubuhi, kwa Kiswahili na Kiganda. Pili, radi ikisikika, kazi za juu na za mitaroni zisimame. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inatambua haki ya mfanyakazi kujiondoa penye hatari. Tatu, aliyefika kazini akazuiwa na mvua alipwe siku yake.

Mvua haigomewi, ndugu. Lakini hasara ya mvua ina mwenyewe, na hadi leo imekuwa ikiangukia mgongo mmoja tu. Wajumbe wa matawi walipeleke jambo hili mkutanoni kabla msimu ujao haujaanza.

Umoja ni nguvu.