Mtoa mada, hilo faili lako litafunguka kweli?

Wadau, kuna jambo dogo linanikera kwa muda mrefu na leo nimeamua kulitoa.

Kazi yangu inanipeleka kwenye semina, warsha na makongamano karibu kila wiki. Ukitaka kujua kama shughuli itaanza kwa wakati, usihangaike kumtazama mgeni rasmi. Mtazame kijana wa projekta. Akianza kujikuna kichwa ujue kuna faili limegoma kufunguka. Mtoa mada anasogea, anainama kwenye kompyuta, anachomoa flashi na kuichomeka tena kana kwamba tatizo ni flashi. Ukumbi mzima unatazama neno PowerPoint limeandikwa kwa herufi kubwa ukutani na chini yake hakuna kitu.

Mara nyingi sababu ni ileile. Slaidi zimetengenezwa kwenye laptopu mpya, kompyuta ya ukumbini ni ya zamani, na hakuna aliyewaza kuhusu hilo mpaka dakika ya mwisho.

Maoni yangu ni haya, na najua wapo watakaonicheka: mzigo wa kuhakikisha faili linafunguka ni wa anayelileta. Kuhifadhi slaidi katika fomati ya zamani pale unapojua mwenzako ana mashine ya zamani ni adabu ya kawaida tu. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Hapa hata jicho huvunji, unabonyeza vitufe viwili vitatu tu.

Kwanza tujue tatizo lilikotoka. PowerPoint haikuzaliwa Microsoft. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya California iliyoitwa Forethought. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni yenyewe kwa dola milioni 14. Lilipokuja toleo la PowerPoint 97, lilikuja na fomati mpya ya faili lenye herufi .ppt mwishoni, na matoleo yaliyofuata hadi 2003 yakaendelea nayo. Kwa takriban miaka kumi, faili la ofisi moja lilifunguka ofisi nyingine na hakuna aliyelazimika kuuliza maswali.

Halafu ikaja Office 2007, iliyoingia sokoni Januari 2007, na .pptx yake. Ile x moja tu ya mwisho ndiyo iliyoleta kizaazaa. PowerPoint 2003 peke yake haiwezi kusoma .pptx. Microsoft ilitoa programu ya nyongeza ya bure ili matoleo ya zamani yaweze kusoma mafaili mapya. Lakini ilibidi uishushe kutoka intaneti, na ilikuwa na uzito wa makumi ya megabaiti. Kumbuka kwamba mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na mtu wa intaneti kafe aliyelipia kwa saa angeshusha nini hapo?

Ile programu ya nyongeza nayo Microsoft iliistaafisha mwaka 2018. Kwa hiyo leo mwenye kompyuta ya Office 2003 ambaye hakuiweka mapema hana tena njia rahisi ya kuipata kwa wenyewe. Mlango umefungwa kwake, lakini wewe mwenye laptopu mpya bado unaweza kumfungulia kutoka upande wako.

Utaniambia, nani leo ana Office 2003? Microsoft yenyewe iliacha kuihudumia Aprili 2014, pamoja na Windows XP. Jibu langu ni kwamba kompyuta haifi kwa sababu Marekani wametoa tangazo. Toka katikati ya jiji. Nenda kwenye ofisi za kata, shule za sekondari, kumbi za parokia, steshenari za stendi. Utakuta mashine zilizotolewa kama msaada miaka ile, zimefunikwa kitambaa cha kufuma ili zisiingie vumbi, na zinapiga kazi. Barua zinachapwa, mitihani inachapwa. Mwenye ofisi haoni sababu ya kuitupa, na mimi pia siioni.

Niliwahi kuripoti kikao cha wadau wa maji katika wilaya moja. Watoa mada walikuwa wanne. Watatu walitoka mjini na kila mmoja alikuja na laptopu yake, akachomeka waya, akaendelea. Wa nne alikuwa mama mmoja, mwalimu wa sekondari na mjumbe wa kamati ya maji ya kijiji chake. Yeye alikuja na flashi. Mpwa wake aliyeko chuo alikuwa amemtengenezea slaidi nzuri: picha za mabomba yaliyopasuka, tarehe ambazo maji hayakutoka, orodha ya fedha walizochanga. Kompyuta ya ukumbi ikakataa.

Mwenyekiti wa kikao akamwambia kwa upole, "Mama, wewe endelea tu kwa mdomo, tunakuelewa." Akaendelea kwa mdomo. Alizikumbuka tarehe mbili tatu, nyingine zikampotea, picha hakuna aliyeziona. Baada ya dakika tano akaambiwa muda umekwisha. Wale watatu walioonyesha grafu zao ndio waliojadiliwa mpaka chakula cha mchana, na ndio walionukuliwa kwenye maazimio. Ungemsikiliza msoma maazimio ungedhani yule mama hakuwahi kusimama mbele ya watu.

Sasa hapo msinieleze kwamba mambo ya fomati ni ya mafundi kompyuta. Ukumbini mwenye slaidi ndiye mwenye ushahidi, na mwenye ushahidi ndiye anayeandikwa. Faili likigoma, anayeumia ni yule ambaye hana laptopu yake mwenyewe ya kuokolea jahazi.

Namna ya kufanya ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Ukiwa kwenye PowerPoint ya Windows, bonyeza F12. Litakuja dirisha la kuhifadhi. Kwenye orodha ya aina za mafaili chagua ile iliyoandikwa PowerPoint 97-2003, kisha hifadhi. Unabaki na mafaili mawili, lile la mwanzo na hili jipya. Wanaotumia LibreOffice wanayo fomati hiyohiyo kwenye orodha yao, na LibreOffice ni ya bure. Hata Jambo OpenOffice, ile ya Kiswahili iliyotokana na mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000, ilijengwa juu ya programu iliyoweza kufungua na kuhifadhi .ppt. Wanaotengeneza slaidi kwenye Google wajue kwamba kule utashusha .pptx au PDF lakini .ppt haipo, kwa hiyo itabidi upitie programu nyingine.

Na tafadhali, kufuta ile x kwa mkono kwenye jina la faili si kubadili fomati. Nimewaona watu wenye digrii wakifanya hivyo mbele ya hadhara. Ni sawa na kumvalisha mbuzi kengele ya ng'ombe ukitegemea maziwa yaongezeke.

Sasa niwe mkweli, maana sitaki mtu aje kunilaumu. Ukirudi kwenye fomati ya zamani kuna vitu unavipoteza. Ile michoro ya SmartArt inageuka kuwa picha, huwezi tena kubadilisha maneno yake ukiwa kwenye programu ya zamani. Milinganyo ya hisabati inageuka picha pia. Video uliyoipachika ndani ya slaidi inaweza kubaki picha iliyoganda. Ule mbwembwe wa Morph, ambapo vitu vinahama vyenyewe kutoka slaidi moja kwenda nyingine, unakuwa mpito wa kawaida tu wa kufifia. Herufi za Calibri zilikuja enzi za Office 2007, kwa hiyo kwenye kompyuta isiyo nazo mashine itaweka herufi nyingine na mistari yako itahama. Tumia Arial au Verdana ulale usingizi. Halafu kuanzia PowerPoint 2013 slaidi zinatengenezwa pana, kwa vipimo vya 16 kwa 9, wakati projekta nyingi za zamani ni za 4 kwa 3.

Kwa hiyo ukishahifadhi, lifungue hilo faili jipya na ulipitie slaidi moja baada ya nyingine kabla hujaondoka nyumbani. Ukiona mchoro umeharibika, urekebishe. Na kama mada yako inaanguka kwa sababu Morph haipo, basi tatizo lako si fomati.

Wapo rafiki zangu wa IT wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Wanasema .pptx ni bora, na ni kweli. Lile faili kwa ndani ni furushi la zipu. Chukua nakala, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, ulifungue, utakuta mafaili madogo ya maandishi na folda ya picha zako zote. Likiharibika kidogo, mara nyingi kuna kitu cha kuokoa. Tena .pptx haibebi makro, wakati .ppt inaweza kubeba, na makro ni njia mojawapo ya virusi. Ndiyo maana mtu makini hafungui .ppt iliyotoka kwa asiyemjua. Hayo yote nayakubali. Ndiyo maana sisemi turudi zamani wote kwa pamoja. Nasema ulibebe la zamani mkononi kwa ajili ya mtu maalumu na ukumbi maalumu, huku lile jipya likibaki kuwa faili lako la kazi.

Kuna hoja ya pili ambayo siikubali kabisa: kwamba tukiendelea kuwabeba watu wa zamani hawatabadilika, waache wakwame ili wanunue mpya. Jamani! Mwalimu wa sekondari akikwama hanunui kompyuta mpya kesho yake. Anakaa kimya tu. Na hiyo mpya nayo haidumu. Office 2007 iliachwa kuhudumiwa mwaka 2017, ya 2010 ikaachwa 2020, za 2016 na 2019 zikaachwa Oktoba 2025. Wewe unayecheka leo, zamu yako inakuja.

Kama unadhani hili ni tatizo la maskini peke yao, mkumbuke Vint Cerf, mmoja wa wabunifu wawili wa TCP/IP, lugha ambayo kompyuta zote za intaneti zinaongea. Mwaka 2013 alieleza hadharani kwamba alikuwa na faili la PowerPoint la mwaka 1997 ambalo Office 2011 ya Macintosh yake ilishindwa kulisoma. Mtu aliyesaidia kuumba intaneti, ana pesa, ana mafundi, na faili lake mwenyewe limemgomea. Tangu hapo amekuwa akionya kwamba karne hii inaweza kuacha pengo kwenye historia kwa sababu nyaraka zipo lakini hazisomeki.

Hapo ndipo fomati ya zamani inapoonyesha udhaifu wake. Inafaa kumfikia mtu wa leo mwenye mashine ya jana, lakini usiifanye ghala lako pekee. Kwa kutunza, weka faili la asili pamoja na PDF. PDF imekuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu mwaka 2008, inabeba herufi zake ikihifadhiwa vizuri, inafunguka kwenye kompyuta ya zamani yenye kisomaji chake, na inafunguka kwenye simu. Hutapata miondoko wala video, lakini mtu atasoma. Na kusema ukweli, nusu ya watu wanaoomba slaidi baada ya semina wanataka kuzisoma kwenye WhatsApp wakiwa kwenye daladala.

Mimi kwenye flashi yangu naweka matatu: la asili, la 97-2003, na PDF. Yote kwa pamoja mara nyingi hayafikii uzito wa nyimbo tano.

Lakini siwezi kumalizia kwa watoa mada tu, maana wenye shughuli wana kesi yao. Barua ya mwaliko inaeleza mavazi, posho, saa ya chai na jina la mgeni rasmi. Haielezi kompyuta ya ukumbi ina programu gani. Ongezeni mstari mmoja tu: "Kompyuta yetu ina toleo fulani, tafadhali leteni faili la aina fulani, na tutalijaribu siku moja kabla." Mkishindwa hilo, wekeni LibreOffice kwenye mashine inayoweza kuibeba, ni bure na inafungua yote mawili. Na kama shughuli inaendeshwa kwa fedha za umma, slaidi zake zitolewe kwa PDF ili mwananchi asihitaji kununua kitu chochote ili kusoma alichokwishalipia.

Mstari mmoja kwenye barua. Nani kati yenu mwenye kikao mwezi huu atakuwa wa kwanza kuuandika?